Nukta Iliyokataa Kurudi

Nikiwa kidato cha tatu nilijifunza kukifuta kichwa cha mwalimu mkuu. Ni kazi rahisi. Asubuhi tukiwa mstarini, yeye amesimama kulia kwa mlingoti wa bendera, nilifumba jicho la kushoto, nikakaza la kulia kwenye mlingoti, kisha nikajisogeza kidogo kidogo mpaka kichwa chake kikatoweka. Lilibaki koti la kijani na sauti inayokemea waliochelewa. Pale kichwa kilipokuwa, ukuta wa darasa uliendelea kama kawaida. Nilicheka kwa sauti, na kwa cheko hilo nilipiga deki bweni zima kwa juma moja. Sikujuta.

Ujanja huo tulipewa na mwalimu wetu wa baiolojia, mwanamke mfupi aliyependa chaki za rangi. Alichora jicho likajaa ubao. Mwanga unaingia huku mbele, alisema, unagonga pazia la nyuma, na kwenye pazia hilo nyuzi nyembamba zisizohesabika zinakusanyika na kuwa mshipa mmoja, neva ya jicho, inayopeleka habari kwenye ubongo. Pale nyuzi zinapokusanyika ili zitoke, hakuna nafasi ya kupokea mwanga. Hapo jicho halioni kitu. Kila mtu ana doa kipofu, moja kila jicho, tangu kuzaliwa, na hatulijui kwa sababu ubongo unaliziba kwa rangi ya jirani. "Penye kamba ndipo pasipoona," alisema akigonga ubao. Tulinakili, na mimi nikapiga mstari chini ya maneno hayo kwa wino mwekundu kwa kuwa nilidhani yatakuja kwenye mtihani.

Likizo ya Aprili mwaka wa tisini na tano nilirudi nyumbani na somo hilo. Kwetu ni upande wa Katelembo, mteremko mtupu, na kwenye mteremko mtu halimi mpaka achimbe mitaro. Unachimba mfereji kukata mlima, udongo unautupa upande wa juu uwe ukingo, na maji ya mvua yanakaa shambani kwako badala ya kukimbilia mtoni na udongo wako mzuri. Tunaiita fanya juu. Kuchimba kila mtu anaweza. Kupima ndiko kugumu, kwa sababu mtaro ukiinama hata kidogo tu, maji yote yanakimbilia upande mmoja, yanavunja ukingo na kuondoka na shamba.

Baba yangu ndiye aliyepima. Ofisa wa kilimo alimfundisha kabla sijazaliwa, tena kwa Kiswahili, na ingawa nyumbani tulizungumza Kikamba, baba akiwa kazini alipima kwa Kiswahili tu, kama kwamba mlima usingemwelewa vinginevyo. Vifaa vyake vilikuwa fito mbili zenye urefu sawa, kamba ndefu iliyofungwa kati yake, na pimamaji, kile kidude cha mafundi chenye mrija wa kioo na tone la hewa ndani, ambacho alikining'iniza katikati ya kamba. Mtu mmoja anashika ufito huku, mwingine kule, baba anainama katikati akitazama tone. Likikimbilia upande anamwambia wa pili, "Panda! Panda kidogo! Shuka!" Likitulia kati ya alama mbili anasema, "Hapo!" na kigingi kinagongwa. Hakuna aliyebishana na hapo ya baba. Akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kuchimbiana mitaro kwa zamu, walimwita Fundi, na walilisema neno hilo kwa heshima kubwa.

Nilichora msalaba na nukta kwenye karatasi ya daftari la hesabu, msalaba kushoto, nukta kulia. Mama alijaribu kwanza, pale nje ya jiko. Alifumba jicho, akatazama msalaba, nikamsogezea karatasi. "Kai! Imeenda wapi?" Nikaisogeza zaidi, nukta ikarudi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Baba alikuwa kwenye kigoda akitia mpini kwenye jembe. Nikampelekea, akafumba jicho la kushoto.

"Naona msalaba," alisema.

"Na nukta?"

"Nukta gani?"

Alipoitazama yenyewe aliiona. Alipotazama msalaba ikapotea. Nikaleta karatasi karibu, karibu zaidi, mpaka ikamgusa pua, na nukta ilikataa kurudi. Mama aliacha kucheka. Alienda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Hiyo karatasi yako iko mbaya," baba alisema, akarudi kwenye mpini wake.

Baada ya hapo sikuweza kuacha kuona. Baba aligonga miimo ya mlango kwa bega la kulia kila siku na kila siku aliulaumu mlango. Aliweka kikombe nje ya ukingo wa meza. Alisalimu watu baada tu ya wao kusema neno, na alitembea akigeuza kichwa huku na huku kama kuku. Nadhani vituko hivyo vilikuwepo kabla ya karatasi, nami nilikuwa navicheka.

Kabla likizo haijaisha madaktari wa macho walikuja kupima watu kwenye ukumbi wa kanisa, nikampeleka baba. Alikubali kwa sababu nilimwambia ni miwani tu. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, akamulika macho ya baba kwa muda mrefu kuliko ya wengine. Akasema ni presha ya jicho. Inaukandamiza mshipa palepale unapotokea, na zile nyuzi zinakufa moja moja. "Haiumi, haiwashi," alisema. "Hii ya kulia imebaki kidogo sana. Hii ya kushoto bado iko na muda. Dawa itashikilia yenye iko. Yenye imekufa, mzee, hairudi."

"Mbona sioni giza?" baba aliuliza. Lilikuwa swali zuri, na nililijua jibu lake kabla ya daktari kufungua mdomo. Ubongo ulikuwa unamzibia. Kila kilichopotea ulikipaka rangi ya jirani, majani ukayapaka majani, udongo ukaupaka udongo, na yeye akaendelea kuamini kwamba anaona shamba lote. Siku hizi mimi mwenyewe hupimwa macho kila mwaka, kwa maana ugonjwa huu hupenda kushuka kwa watoto, na kila mara daktari anaponimulika nalisikia swali la baba.

Njiani kurudi alisimama chini ya ukingo wa shamba letu, akashika chupa ya dawa kwa mikono miwili.

"Haya maneno yabaki hapa," alisema. "Wewe na mimi. Mwethya wakijua siku hizi tone la pimamaji linanipotea, siwezi kulisoma, mimi ni nani? Ni mtu wa kukaa kwa kiti akingoja chakula."

"Sawa, baba."

Nilikuwa na miaka kumi na saba na neno hilo lilinitoka kwa urahisi. Sikujua lina urefu gani.

Ujanja wa kufinya ulikuwa wake. Ningeinama kando yake pale katikati ya kamba, nimeishika isitikiswe na upepo, au hivyo ndivyo tulivyowaambia watu. Chini ya kamba mkono wangu ungeushika wake. Nikimfinya mara moja, panda. Nikimfinya mara mbili, shuka. Nikimshika na kutulia, hapo. Tulijizoeza shambani kwetu kati ya fito mbili zilizochimbiwa, na siku ya kwanza mbele ya akina mama moyo wangu ulidunda mpaka nikaogopa utatikisa kamba. Mama mmoja aliniuliza kwa nini nimebanana na baba yangu namna hiyo. Baba akamjibu bila kuinua kichwa, "Anajifunza. Mnataka nife na hii kazi?" Wakacheka, wakatupigia makofi.

Nilifurahi. Afadhali niseme ukweli. Mwanzo nilijisikia mkubwa, mwenye siri, na sauti ya baba ikitangaza hapo nilijua ni hapo yangu. Nikiwa shuleni baba alijitia kuumwa na mgongo. Mitaro ikawa inapimwa likizo tu, na kijiji kizima kikawa kinafuata kalenda ya shule yangu bila kujua.

Kisha nikamaliza kidato cha nne, mwisho wa mwaka wa tisini na sita, na shule haikuwepo tena ya kuniokoa.

Mgongo wa baba ulipona siku hiyohiyo. Tulipima Januari, tukapima Februari, na pasipokuwa na cha kupima tulikagua vigingi vya zamani. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja kwenda kwenye viwanda vya Athi River. Mmoja alirudi Pasaka na nywele za bandia na "niaje" za mjini, akaniuliza nangoja nini huku. Nilimwambia nangoja matokeo. Matokeo yalikuwa yametoka, tena mazuri. Shangazi yangu alinitaka nikamsaidie dukani kwake Katangi; baba akasema ngoja tuvune. Tukavuna. Akasema ngoja wenzetu nao wavune. Hata sokoni sikuweza kwenda nikatulia, kwa maana mtu angeweza kufika na kumwambia Fundi njoo unitazamie mtaro kidogo, na Fundi hakuwa na macho, macho yalikuwa sokoni yakinunua sukari.

Mama alijua. Hakuna aliyemwambia, lakini sufuria, kibiriti, kandili, kila kitu alianza kukiweka mahali pamoja pasipobadilika, na mimi nikisahau kigoda njiani alinikemea kuliko kosa lilivyostahili. Siku moja tukipepeta pojo nilimwuliza kama anafikiri nitatoka hapa lini. Hakuacha kupepeta. "Bila wewe atakaa kwa kiti, mwiitu," alisema. Mwiitu ni msichana kwa Kikamba, na kwa mama lilikuwa neno la mapenzi. Siku hiyo nililisikia kama mlango unaofungwa.

Nilimkasirikia baba kila siku na kila siku nilimhurumia, na vyote viwili vilinichosha sawa. Kiganja chake kilikuwa kigumu, na kilipokuwa ndani ya changu nilihisi jinsi kinavyosubiri. Mtu mzima, aliyenifundisha kutembea, anasubiri nimfinye ndipo ajue aseme nini. Nilitamani kumkumbatia. Nilitamani pia kuutupa mkono ule na kukimbia mpaka barabara ya lami.

Agosti ikaja barua. Nilikuwa nimekubaliwa chuo cha ualimu, niripoti Januari. Baba aliishika, akaisogeza mbele ya jicho la kushoto, akaitembeza polepole kana kwamba anasoma. Aliishika juu chini. Sikumwambia.

"Ni vizuri," alisema. "Baada ya mvua tutaona."

Baada ya mvua kungekuwa na palizi, na baada ya palizi mavuno, na baada ya mavuno mitaro. Nilienda nyuma ya zizi nikapiga teke debe la maji mpaka likatoboka, kisha nikaenda kisimani kwa ndoo ya kuazima kwa sababu debe lilikuwa letu pekee.

Sasa nifike kwa mama mjane. Alikuwa jirani yetu wa chini. Mumewe alikuwa mvunja mawe machimboni Lukenya na alifariki zamani, akamwachia kipande cha mteremko mkali kuliko yote hapo kwetu. Binti zake walikuwa wameolewa mbali. Kila muhula nilipoenda shuleni alikuja mpaka kwetu asubuhi na mbaazi zilizochemshwa, zimejaa mkebe wa kakao, akanisukumia kifuani na kusema, "Kula usome." Hakukosa hata muhula mmoja. Mwezi wa kumi zamu yake ya mwethya ikafika, akaomba mtaro mmoja mrefu juu ya shamba lake lote, kabla mvua haijashuka.

Tulienda asubuhi. Akina mama saba, majembe yao, uji kwenye jagi. Mwenyekiti wa kikundi alishika ufito wa kwanza, mama mjane akashika wa pili, baba na mimi tukainama katikati. Vigingi vinne vya kwanza vilienda sawa. Kwenye cha tano mwenyekiti alisema kwa furaha, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba kikundi kina bahati, wengine mabinti zao wamekimbilia mjini lakini wa Fundi ametulia, huyu hata akiolewa ataolewa hapahapa atupimie. Wakasema amina. Baba naye akasema amina.

Tone la hewa lilikuwa limekimbilia upande wa mama mjane. Ilibidi nimfinye baba mara mbili, mama ashuke. Nililiona. Nataka ieleweke hivyo: halikuwa doa, hayakuwa machozi, nililiona waziwazi kama ninavyoona herufi hizi. Nikaushika mkono wa baba nikatulia.

Niliwaza hivi: mtaro utainama, mvua itakuja, ukingo utavunjika kidogo, watu watasema Fundi amezeeka. Watampumzisha kwa heshima. Mimi nitaenda chuoni. Yote haya niliyawaza kwa muda wa pumzi moja, na nadhani nilikuwa nimeyawaza tangu Agosti.

Baba alisogeza mguu wa kushoto kwenye udongo, akaurudisha. Kisha akasema, "Hapo." Kigingi kikagongwa. Vigingi vitatu vilivyofuata nilifanya vivyo hivyo. Akina mama walichimba siku mbili, wakiimba, na mama mjane alitupikia isyo, mahindi na maharagwe, nikala sahani nzima.

Mvua ya mwaka huo kila Mkenya wa umri wangu anaikumbuka. Watu waliiita kwa jina la kigeni na hata wasiojua kusoma walilijua jina hilo. Ilinyesha kama imetumwa. Ilikata barabara, ikabeba madaraja, na huku kwetu ilivunja mitaro ya kila mtu, iliyopimwa vizuri na iliyopimwa vibaya. Wa mama mjane ulienda mwanzo kabisa, siku ya pili. Nilishuka kwenda kutazama maji yakiwa bado yanapita. Ukingo ulikuwa umefunguka palepale kwenye vigingi vyangu, na maji yalikuwa yamepita katikati ya shamba yakabeba kunde, mihindi, mibaazi na udongo, mpaka likatokea jiwe jeupe ambalo hakuna aliyejua lipo. Mama mjane alikuwa amesimama na gunia kichwani. "Ni Mungu," aliniambia. "Utafanya nini?" Nilishindwa kumtazama, nikajifanya natazama jiwe.

Kwa hiyo hata uovu wangu haukunifungua. Mvua iliufunika. Kwa kuwa mitaro yote ilivunjika, hakuna aliyemshuku Fundi, na kwa kuwa mitaro yote ilivunjika, Fundi alihitajika kuliko wakati wowote wa maisha yake.

Desemba, mvua ilipopumua, mwethya ulikutana kwenye uwanja wa kanisa. Mwenyekiti alisoma orodha ya mashamba ya kupimwa upya. Ilikuwa ndefu mpaka akageuza karatasi. Akasema tutaanza Januari wiki ya kwanza na tutaendelea mpaka Fundi na binti yake watumalizie. "Tuwapatie makofi ya kilo," akasema. Watu wakapiga makofi kwa mpigo, yale ya kuheshimu mgeni wa baraza. Barua ya chuo ilikuwa ndani ya Biblia ya mama, siku zake zinakwisha.

Baba akasimama. Aligeuza kichwa kushoto, kulia, akiwatafuta.

"Mimi sioni," alisema. "Hii pimamaji sijaisoma miaka miwili na zaidi. Macho ilikuwa ya huyu msichana. Mimi nilikuwa mdomo tu. Na kule kwa mama, yule jirani yetu, ule mtaro ulikuwa mbaya kabla ya mvua. Nilikosea. Hiyo kosa ni yangu. Huyu ameitwa shule, na ataenda."

Mama mjane alisema kutoka nyuma, "Fundi, mvua ile ilikosesha kila mtu." Wengine wakaitikia. Mwenyekiti alifuta macho yake mwenyewe kwa pembe ya leso. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Tulirudi nyumbani nimemshika mkono hadharani kwa mara ya kwanza, bila kamba ya kuuficha. Tulipofika chini ya ukingo wetu nilimwambia hakukosea yeye.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Ulinishika mkono ukatulia, lakini mguu yangu ilikuwa inaniambia mahali pa mama ni juu. Miaka thelathini natembea huo mlima. Macho yamekufa, mguu haijakufa."

"Sasa kwa nini ukasema hapo?"

"Nilisema moyoni, ataniambia mwenyewe. Nikangoja hiyo siku. Nikangoja Jumapili. Ningeweza kuenda nirudishe kigingi, lakini nilitaka wewe ndio useme. Mvua ikakuja mbele yako." Alinifinya kiganja, mara moja, nadhani bila kukusudia. "Mimi pia nilikosea. Nilikufunga. Hiyo nimewaambia. Ile ingine ni yako, siwezi kukusemea."

Nililia pale njiani kwa sauti, watu wakipita, wakidhani nalilia macho ya baba.

Zilibaki wiki tatu. Nilimwomba mwenyekiti tuanze na mama mjane, tusingoje Januari, akakubali. Siku ya kupima baba alishika ufito wa kwanza, kazi ambayo haihitaji macho, mama mjane akashika wa pili, na mimi nikainama katikati peke yangu. Nilisema panda. Nilisema shuka. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na akina mama waligeuka kuitazama. Tone likaja katikati ya alama mbili, likatulia, na badala ya kusema hapo nikainua kichwa kumtazama mama mjane.

"Vipi?" aliuliza. "Haiko sawa?"

"Ile ya kwanza haikuwa sawa," nilisema. "Baba hakuiona. Mimi niliiona. Nilisema iko sawa na nilikuwa naiona."

Nilingoja mama mjane autupe ufito. Baba hakugeuza kichwa. Kamba kati yetu haikutikisika hata kidogo, tone lilibaki palepale, kwa hiyo najua mkono wa mama mjane ulitulia.

"Na hii?" aliuliza.

"Hii iko sawa."

"Basi sema hapo, kigingi kigongwe."

Nikasema.

Asubuhi niliyoondoka kwenda chuoni mama mjane hakuja kwetu, basi nilishuka kwake na sanduku langu kumuaga. Mtaro wake ulikuwa umesimama vizuri, umenyooka, na chini yake kunde mpya zilikuwa zimechipua kuzunguka lile jiwe jeupe. Alinipa mkono. Alinitakia heri, akaniambia nisome. Mbaazi hakunipa.